Usivutane na Boti

Naikumbuka vizuri siku kalamu ya meneja ilipoanguka kutoka mkononi mwangu, mwanangu, maana ndiyo siku uvumilivu wangu ulipofika mwisho. Nilikuwa nimesimama kwenye gati, maji ya ziwa yananichuruzika, jaketi la kuelea bado liko mwilini, na nilitaka kuandika malalamiko. Nilikuwa na ya kusema, tena mengi. Vidole vikakataa. Niliishika kalamu, ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Kati ya kiwiko na kiganja mikono yangu ilikuwa imekaza kama muhogo mbichi, na vidole vyenyewe vimelegea kama muhogo uliosahauliwa jikoni.

"Andika, nyabo," meneja akasema. "Malalamiko ya maandishi nitayasoma. Ya mdomo sina muda nayo."

Wakacheka. Kato, dereva wa boti, alicheka mpaka akaegemea usukani. Hata Nakato wa jikoni, rafiki yangu, alicheka, maskini bambi, ingawa naye alikuwa ameshindwa kufungua jaketi lake. Kalamu ilipoanguka tena sikuiokota. Niliipiga teke ikaingia ziwani.

Najua unajiuliza mimi ni mzee wa wapi nikuite mwanangu. Sina mvi. Nina mtoto mmoja, Akello, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutambaa, na haya nayaandika kwake kwanza, kisha kwako. Lakini aliyekutangulia kwenye utelezi ndiye wa kukuonyesha pa kukanyaga, hata kama amekutangulia kwa hatua moja tu.

Mimi ni mlinzi. Nasimama getini kwenye ufukwe mmoja wa starehe upande wa Ggaba, napekua mifuko ya wageni. Wageni wale huja kuteleza majini. Unafungwa miguu kwenye ubao, unashika mpini wa kamba, boti inakuvuta, na ukijaliwa unasimama juu ya ziwa kama mtu aliyesahau kuzama. Nimewatazama sana nikiwa na mabuti miguuni. Basi mwenye ufukwe akaturuhusu sisi wafanyakazi wanawake tujifunze Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa hawapo. Mwanangu, tangu nizaliwe sikuwahi kuipenda Jumatatu. Hizo nilizipenda. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo na kabla ya Akello, na Akello huwa anamshinda jogoo.

Tatizo lilikuwa mikono. Kusimama juu ya ubao nilijifunza upesi. Kato, ambaye ndiye pia aliyejiita mwalimu, alikuwa na somo moja tu: "Kamata. Minya. Vuta." Nami nilikamata, nikaminya, nikavuta mpini mpaka kifuani, na kila mara kabla hatujalifikia boya la manjano vidole vilifunguka vyenyewe, bila kuniuliza. Kato anageuza boti, ananirudishia kamba papo hapo, hata pumzi sijapata. "Tena, maama." Mara ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Ya tatu hata kusimama sisimami.

Siku hiyo ya kalamu, meneja alikuwa amekuja kutuambia kwamba shule zikifunga, boti inarudi kwa wageni. Isipokuwa mmoja wetu alizunguke boya na kurudi bila kuachia kamba. "Petroli si maji ya ziwa," alisema. "Na mikono ya wanawake ni ya kulea." Mikono hiyo hiyo ndiyo inayopekua wanaume getini kwake, lakini hilo hakulikumbuka.

Nilirudi nyumbani Kawempe nikiwa nachemka. Naishi na shangazi yangu, sajini mstaafu wa polisi, ambaye ndiye aliyenilea kambini na ndiye anayemshika Akello nikiwa kazini. Watu wa mtaa wanamwita Afande mpaka leo, na yeye anaitika. Alinikuta nahangaika na kifungo cha blauzi ili nimnyonyeshe mtoto. Akanifungua mwenyewe, kama nilipokuwa mdogo. Kisha akasema, "Haya. Nani amekuvunja mikono?"

Nikamweleza, na matusi nikachanganya. Alisikiliza yote. Halafu akaenda uani, akafungua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye mti wa fagio, akanipa fagio. "Nionyeshe unavyoshika."

Hapa nikwambie jambo. Mimi nilikulia kwenye kamba. Siku za michezo, kambi yetu ilikuwa na timu ya wasichana ya kuvuta kamba, na mwalimu wetu alikuwa shangazi. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, yule anayejizungushia kamba kiunoni na kuchimba visigino ardhini. Shangazi alitupigia kelele neno moja, "Vuta," mpaka tukaliota. Kwa hiyo aliponivuta uani, mwili ulikumbuka wenyewe. Viwiko vikapinda, fagio likaja kifuani, visigino vikachimba, nikamvuta mama wa watu mpaka karibu aingie kwenye sufuria ya maharage.

Akakaa chini, akacheka hadi Akello naye akacheka bila kujua sababu.

"Unavutana na nani?"

"Na boti."

"Boti ni ya timu gani?"

Nikalishusha fagio.

"Mwenye nguvu mpishe," akasema. "Mimi nilikufundisha kushindana na wasichana wa kambi nyingine, wanaokula posho na kuchoka. Injini haichoki. Inataka kukupeleka, wewe unaikatalia. Na tena unashika mpini kama umeshika shingo ya meneja."

"Ndiyo shingo ya meneja."

"Basi iache. Ukitoka bombani na jerikani, huwa unaiminya?"

Nikatazama mkono wangu. Hakuna mtu anayeminya jerikani. Unakunja vidole vinne kama ndoano, mkono unanyooka, uzito unaning'inia wenyewe. Shangazi hakujua kitu kuhusu ubao wala boti, na hata ziwa analiogopa. Lakini alijua mkono unachoka vipi, kwa sababu wake ulishachoka sana.

Tukaanza mazoezi, na hapo ndipo maisha yaliponoga. Kila jioni nilibeba jerikani mbili kutoka bombani, nikitembea wima, na kabla vidole havijaanza kuteleza nazitua. Shangazi alikuwa mkali hapo: "Usingoje vikukatae. Tua vikiwa bado vinakutii." Mablanketi ya nyumba nzima niliyakamua mimi. Kwenye uwanja wa shule ya jirani nilining'inia kwenye mwamba wa goli, mikono imenyooka, nikihesabu pumzi, nashuka, napumzika, narudi. Vijana wa boda walio ng'ambo ya barabara hawakuninyamazia.

"Banange, nani ameanika mtu?"

"Afande, huyo hajakauka bado, mwache hadi kesho."

Shangazi aliwajibu kwamba nafasi ipo golini kwa anayetaka, na mmoja akaja kwa majivuno, akaning'inia muda mfupi kuliko mimi, akarudi kwenye pikipiki yake akidai anasubiri abiria. Nakato naye akajiunga. Na siku moja katika kila mbili tulipumzika kabisa, kwa sababu mikono haipati nguvu wakati wa kuning'inia, huipata ikiwa imelala. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini hata kamba hiyo, mwanangu, huachwa ikauke.

Ikafika Jumatatu ya mwisho kabla shule hazijafunga. Shangazi alikuja na Akello mgongoni, akakaa katikati ya gati, mbali na maji pande zote. Meneja alisimama na miwani yake ya jua. Nakato ndiye aliyenifunga miguu kwenye ubao. Nikamwita Kato.

"Leo utaondoa boti polepole. Ukinirusha kama siku zote, nikitoka humu majini nitakupekua getini kila asubuhi mpaka soksi."

"Maama wa Akello, unanitisha?"

"Mpaka soksi, Kato."

Akaondoa boti polepole.

Nilikaa majini magoti yakiwa kifuani, mikono imenyooka, vidole vinne vimekunjwa kama ndoano. Kamba ilikaza, na mwili wangu wote ukataka kuvuta. Nikasikia sauti kutoka gatini, sauti iliyonipigia kelele ujana wangu wote, leo ikisema kinyume: "Usivute. Mwanangu, usivute."

Sikuvuta. Nikaiacha boti ininyanyue, nayo ikaninyanyua kama mtu anavyonyanyua mtoto kitandani. Mpini nikauweka chini karibu na nyonga, uzito nikaupeleka miguuni, kwenye miguu yenye nguvu za kusimama getini kutwa. Boya likaja, likapita. Hakuna aliyewahi kuniambia upande wa pili wa lile boya kunanukia mafunjo. Nilicheka peke yangu juu ya maji kama mwendawazimu.

Wakati wa kurudi mikono ikaanza kuwaka. Zamani ningeminya zaidi. Safari hii nililegeza vidole kidogo, nikanyoosha viwiko, nikapumua kama pale golini. Gati likakaribia. Nakato alikuwa anarukaruka, Akello anarusha ngumi hewani mgongoni mwa shangazi, na shangazi, sajini mzima, amesimama ukingoni kabisa mwa maji anayoyaogopa. Nikafika mbele yao, ndipo nikaachia kamba. Niliachia mimi. Haikuniponyoka.

Meneja alivua miwani. "Sawa, Jumatatu ni zenu. Umeweza. Sasa utalalamika nini tena?"

Nikamwambia aniletee karatasi. Kalamu nilikuja na yangu.

Basi sikia, mwanangu. Mikono inachoka upesi kwa mwanzilishi kwa sababu anaitumia kufanya kazi ya miguu na ya boti. Nyoosha mikono, kunja vidole, kaa chini kidogo, ubebwe. Jenga nguvu nchi kavu, kidogo kidogo, kwa vitu ulivyonavyo nyumbani. Pumzika kabla ya kushindwa, maana anayejifunza akiwa amechoka anajifunza kuanguka. Hasira usiibebe viganjani. Itunze, ina kazi yake, lakini kazi hiyo ni ya nchi kavu. Na ukiona jambo bovu, usingoje ulishindwe ndipo ulalamike, wala usiache kulalamika kwa sababu umeliweza. Nyuma yako kuna wengine wanaofunga jaketi.

Mungu akupe mikono inayojua kushika, na inayojua saa ya kuachia. Akupe watu wa kukungoja gatini. Na maji yakubebe.

Malalamiko niliyoyawasilisha ni haya:

Kwa Meneja.

Mimi mlinzi wa geti nalalamika rasmi. Kwanza, mpini wa kamba ni mnene kuliko kiganja cha mwanamke yeyote hapa, na mpira wake umelika hadi unateleza. Tunataka mwembamba. Pili, dereva anaondoa boti kwa kishindo huku akituambia tuvute. Aache yote mawili. Leo amethibitisha kwamba anaweza. Tatu, anayeanguka anarudishiwa kamba kabla hajapata pumzi. Apumzike, mwenzake apande. Nne, mlitupa mtihani bila kutupa somo. Jumatatu si zawadi ya aliyezunguka boya, ni za wote, pamoja na Nakato ambaye bado hajalifikia. Tano, kumcheka mtu ambaye vidole vimemkataa kukome. Kalamu yako iko chini ya ziwa, mbele ya gati. Anayeitaka apige mbizi.

Nimeandika haya yote kwa mkono wangu, nikiwa bado nachuruzika maji. Tazama mwandiko.