Tembe za Kioski

Januari ile ya fujo za uchaguzi, duka moja tu la dawa lilifunguliwa Mashimoni, mtaa wetu wa Kibera. Mbele yangu kwenye foleni, mama mmoja aliomba dawa kali ya kichwa. Mumewe alikuwa amepata kiharusi, zahanati ikasema damu inavujia kwenye ubongo, na barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa mawe.

"Umekuwa ukimpa nini?" muuzaji akauliza.

Mama akafungua kiganja. Tembe mbili za kioski, bila pakiti, vile sisi wote hununua.

"Mathe, hizi ni aspirini! Zinazidisha damu kuvuja!"

"Lakini zimemsaidia. Jana alikuwa analia kama mtoto. Leo amenyamaza tangu asubuhi."

Muuzaji akainamisha kichwa. Redioni, mkubwa fulani wa serikali alikuwa akitangaza kwamba Kibera kumetulia.

Siku hizi nikiambiwa watu wametulia, nauliza kwanza wamepewa nini.