Punje Nilizotafuna Ukweni

Jamani, mwenzenu nimeaibika ukweni, tena mdomo mweusi tii, na hadi leo nikisikia harufu ya kahawa inakaangwa natazama chini.

Ilikuwa Uru, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha mama yake Aneth, mchumba wangu. Mama huyo anacheza Go, ule mchezo wa Asia wa kuzizunguka kete za mwenzako mpaka zikose pa kupumulia uziondoe (alifundishwa na Mjapani aliyewahi kupanga kwao), na kete zake ni kahawa: nyeusi ni zilizokaangwa, nyeupe ni ambazo hazijakobolewa. Mimi, fundi kompyuta wa Moshi mjini, nikashindwa kunyamaza, nikamwambia akili bandia imeshawashinda mabingwa wa dunia.

"Mashine itaujulia wapi mchezo wa subira?" akasema. "Haya, mlete huyo bingwa wako. Akinishinda, harusi baada ya mavuno haya haya. Akishindwa, mtasubiri mengine."

Basi simu mezani, yeye anaweka nyeupe, mimi naionyesha simu alipoweka, simu inajibu, nami naiwekea nyeusi, huku wajomba na mashangazi wametuzunguka na mbege yao, pombe ya ndizi. Na ile mashine, wacheni! Kete zake zilionekana kutawanyika ovyo, kumbe zinatafutana, zinashikana polepole. Mama akawa anafikiri muda mrefu. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukaingia migombani, sauti za watu zikawa za mbali, nami kama ndotoni nikamwona Aneth na shela lake anakuja katikati ya migomba, wala haharakishi, na kahawa inanukia, nikajisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena. Mkono ukaenda wenyewe. Punje moja, kru. Chungu, tamu. Nyingine.

Mama akaweka kete yake. Nikaigusa simu, ikakataa. Nikagusa tena, ikakataa.

"Mama," nikasema kwa sauti (shetani gani alinituma!), "hapo haparuhusiwi, pana kete yangu. Labda kuna mtu kaiondoa."

Kumwita mama mkwe mwizi, mbele ya ndugu zake, kwenye meza yake!

Aneth akanitazama. "Hebu fungua mdomo."

Nikafungua.

"Ruwa, Mungu wangu!" shangazi akapiga yowe. "Kala mchezo!"

Walicheka mpaka mbege ikamwagika. Mama hakucheka. Nyeusi zilizobaki zilikuwa zimekosa kiungo, akazizunguka, akaziondoa bila haraka.

"Mashine yako inajua, baba," akasema. "Nayo sina neno. Lakini mwanangu haolewi na mashine."

Kesho yake nilirudi na jani la isale, ambalo kwetu Wachaga aombaye nalo msamaha hanyimwi, naye akalipokea. Harusi lakini ilisubiri mavuno mengine, na mimi nikaapa sitatia kitu mdomoni ukweni mpaka nikaribishwe. Nakaribishwa kweli. Kila nikifika, nikishatoa shikamoo, mama huniwekea kisahani cha punje nyeusi, kando kabisa na ubao.

"Karibu, baba. Hizi ndizo za kula."