Fimbo Isiyotaniwa

Mimi ni fundi friji, na bei ya kitu chochote huwa naipima kwa friji. Simu ya binti yangu ni nusu friji. Pikipiki ya shemeji yangu ni friji tatu, moja mbovu. Kwa hiyo siku niliyoiona ile fimbo ya kuvulia samaki kwenye duka moja la Mikindani, ikining'inia juu ya makopo ya rangi na mabunda ya kamba, na mwenye duka akanitajia bei yake, nilipiga hesabu kichwani. Ilikuwa friji nzima ya milango miwili, iliyotumika lakini inayogandisha vizuri.

"Mzee," nikamwambia, "hii inavua samaki au inawapika kabisa?"

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, na ukoo wake umeuza misumari hapo Mikindani tangu babu yangu hajaijua bahari. Nilikuwa nimemaliza kumtengenezea friji yake ya soda. Yeye hambembelezi mteja. Anakuwekea kitu mkononi, kisha anaendelea na shughuli zake. Aliishusha fimbo, akaniwekea mkononi, akageuka kupanga bawaba.

Ilikuwa nyeusi, inang'aa, nyepesi kuliko nilivyodhani. Shinani ilikuwa na kigurudumu cha kukunjia uzi. Nikakizungusha. Hakikutoa sauti. Mtu ambaye maisha yake yote amesikiliza mashine zikinguruma na kukoroma, ukimpa kitu kinachozunguka kimya namna ile, umemmaliza. Nikakizungusha tena, na tena, mpaka mzee akachoka kunisubiri.

"Nenda nayo ukajaribu," akasema. "Ijumaa baada ya sala niletee fimbo au niletee hela. Ikiwa na mkwaruzo, niletee hela."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kuvua kwenyewe si kazi yangu. Nakaa Ufukoni, na alasiri nikiwa sina kazi naenda kwenye miamba ya Shangani na mshipi wangu niliouzungushia kwenye chupa ya maji. Napata samaki wadogo aina ya changu, wa kutosha kutia harufu kwenye mchuzi. Kolekole, yule samaki mwenye nguvu anayepita nje kidogo ya miamba, nimemwona mara nyingi, na nina hakika yeye pia amenizoea. Anajua kabisa mkono wangu unaishia wapi. Fimbo ingefika alipo, na jambo hilo lilinikosesha utulivu.

Hela ilikuwepo. Ilikuwa hela ya korosho kutoka Mahurunga, kwenye shamba la ukoo wa mke wangu, na tulikuwa tumeitenga kwa ajili ya bati za jiko letu la uani. Jiko hilo linavuja kiasi kwamba masika mke wangu hupika na beseni kichwani. Nilimweleza habari za fimbo kwa adabu, nikianzia mbali, kwenye faida za samaki kwa afya ya mwili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikukatazi, baba," akasema. "Amua mwenyewe."

Wanaume wenzangu mliooa mnaijua sentensi hiyo. Angenikataza, tungegombana, mmoja angeshinda, tukalala. Lakini niamue mwenyewe! Usiku nilimwona amelala usingizi wa raha mustarehe, na mimi nimekodoa macho nikiangalia dari.

Jumanne nilienda Shangani na fimbo nimeifunga kwenye kanga. Wenzangu wa kwenye miamba walinisogelea kwa heshima. Mmoja akanyoosha kidole. "Usiguse," nikasema. Mwingine akataka kunivuka kwenda kwenye chambo chake. "Zunguka kule," nikasema. Nilitandika taulo juu ya jiwe ili fimbo isiguse mwamba, nikakaa mimi kwenye mwamba. Nilirusha mara chache tu, kwa sababu kila nikirusha niliona ncha yake inaelekea jiwe fulani. Lakini uzi ulikwenda mbali ajabu, ukaangukia palepale kolekole anapopita, na moyo wangu ukaenda nao. Nikarudi nyumbani bila samaki, nikaifuta kwa maji baridi na fulana safi, nikaisimamisha nyuma ya kabati. Jumatano ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa nilipata tasi mmoja ambaye nadhani alikuja kwa kutaka kujua tu. Kufikia jioni hiyo nilikuwa nimeshaamua kimoyomoyo kwamba nainunua. Jiko lilikuwa limevumilia miaka yote hiyo, lingevumilia mwaka mmoja zaidi.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini, nikaenda moja kwa moja nyuma ya kabati. Hapakuwa na kitu.

"Mtani wako kapita," akasema mke wangu, anamenya muhogo, hana wasiwasi hata chembe. "Kaichukua."

Hapa inabidi nieleze. Mimi ni Myao. Mtani wangu ni mama mmoja wa Kimakonde, rika langu, anayekaanga samaki kwenye kona ya mtaa wetu. Watu wa makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akabeba anachokitaka, na utakikomboa kwa kitu kidogo, sukari au kuku, huku unacheka. Sharti ni moja tu, hutakiwi kukasirika. Mimi na huyu mama tumeishi hivyo miaka mingi. Amenichukulia jogoo, spana, na siku moja suruali iliyokuwa juani. Mimi nimembebea meza yake wateja wakiwa wameizunguka. Alipofiwa na mama yake, jeneza likitaka kutoka uani, nilijilaza mlangoni nikasema hapiti mtu mpaka nipewe kitoweo. Alikuwa amelia tangu jana yake hadi sauti imekauka. Aliponiona pale chini na kanzu yangu imejaa vumbi, alicheka, kamasi zikimtoka, akanitupia ndizi. Baadaye aliniambia kwamba kicheko kile ndicho kilichomvusha siku hiyo. Sina rafiki mwingine wa namna hiyo.

Yote hayo nayajua. Lakini Alhamisi ile niliposikia kaichukua, sikufikiria utani. Nilifikiria mkwaruzo. Nilitoka mbio na ovaroli langu la kazini.

Nilimkuta Shangani, kwenye miamba, kanga ameifunga kibwebwe, na umati umemzunguka. Watu waliokuwa wanapita kupunga upepo walikuwa wamesimama. Alikuwa ameishika fimbo yangu kama mwiko wa pilau, na alikuwa ananiigiza. Alitandika taulo juu ya jiwe, akalipapasa, kisha akajikalisha pembeni kwenye ncha kali ya mwamba, uso ameukunja kwa uchungu. Akaifuta fimbo kwa upindo wa kanga, akaipulizia, akaifuta tena.

"Uchiguche!" aliwafokea watu, akiizidisha lafudhi ya kwao kwa makusudi. "Zunguka kule! Wewe, uchikohoe, itapata mafua!"

Watu walikuwa hoi. Na kusema kweli aliniigiza vizuri mno. Siku nyingine yoyote ningejitupa chini kwa kucheka, ningemrudishia moja ya nguvu, tungemaliza kwa soda. Siku hiyo nilisimama nimetoa tabasamu la meno tu, macho yangu yako kwenye ncha ya fimbo, nikihesabu mawe yaliyokuwa karibu nayo.

Ndipo fimbo ikapinda.

Ilipinda yote, kutoka ncha hadi karibu na mkono wake, na kile kigurudumu kimya kikaanza kulia. Kila mtu aliyekuwa pale alijua ni nini. Kolekole! Maji yalipasuka mbele, tukauona ubavu wake ukimeta, mkubwa kuliko nilivyowahi kumdhania. Mtani wangu akapiga yowe, akakita miguu, akavuta.

"Vuta!" umati ukapiga kelele. "Vuta mama! Usimwachie!"

Na katikati ya kelele hizo ikasikika sauti moja ikisema kinyume. "Achia! Fimbo inagonga jiwe! Achia, nimesema achia!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Akashtuka, akalegeza. Uzi ukalala juu ya maji, ukabaki umelala hivyohivyo. Kolekole alikwenda zake. Watu wote wakanigeukia, na hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeshamfikia, nimemnyang'anya fimbo, na nilikuwa naikagua kwa kidole, pingili kwa pingili, mbele za watu.

"Ntani," akasema taratibu. "Umekasirika?"

Mtani haulizi swali hilo kwa mzaha. Nilipaswa kusema hapana. Ningesema hapana kwa kicheko, mambo yangeishia palepale. Nilifungua mdomo nikasema, "Ungeniuliza kwanza." Akafungua kibwebwe, akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Ijumaa asubuhi nilipita kwenye kona yake nikielekea kazini. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na yangu mawili matatu mazuri niliyoyatunga usiku. Alikuwa anaparua samaki. Akainua uso.

"Habari za asubuhi, fundi," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

Nikajibu kwamba hawajambo. Akasema ashukuriwe Mungu, akarudi kwenye samaki wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita fundi. Ameniita mwizi, mbilikimo, mla magimbi, Myao usiyejua kuogelea. Adabu ile iliniuma. Niliumia kifuani kabisa, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na nikatembea hadi kazini sijui hata nimepitia njia gani.

Baada ya sala nilikwenda Mikindani. Mzee alivaa miwani, akaigeuza fimbo mwangani, akapitisha kucha mwanzo hadi mwisho.

"Safi," akasema. "Haivui?"

"Inavua sana, mzee. Jana imenasa kolekole."

"Sasa?"

"Sasa mimi nilikuwa upande wa kolekole."

Alinitazama juu ya miwani. Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia thamani yake naikubali, na kwamba anayeweza kuinunua halafu akaisahau mwambani, akamwazima jirani, akaiona imevunjika akaagiza nyingine, huyo ainunue leoleo, haibiwi. Mimi ningeilinda. Ningekuwa mlinzi wa fimbo kwa mshahara wa changu wawili kwa wiki. Mzee akatikisa kichwa polepole, akaining'iniza palepale juu ya makopo ya rangi, na bila kubembeleza akaniuliza kama nahitaji kitu kingine. Nikamwambia anitolee bati.

Mke wangu alizipokea bati mlangoni. Alizigonga kwa kidole kusikia unene wake, akaingia ndani, na nikamsikia akiimba. Mpaka leo nashuku kwamba Alhamisi ile mtani hakuingia kwangu kwa bahati.

Lakini bati zisingenirudishia mtani wangu. Jioni nilikwenda kwenye kona yake nikiwa bado na kanzu na kofia yangu ya Ijumaa, ile ya kushonwa kwa mkono, ninayoifua mwenyewe kwa sababu simwamini mtu nayo. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Nikapita mbele yao, nikakaa kwenye kigoda chake, nikabeba sahani ya samaki waliokwisha kukaangwa, nikaanza kula.

Akanitazama. "Fundi, nikufungie wa bei gani?"

"Nataka wote," nikasema, mdomo umejaa. "Na karai pia. Wamakonde kukaanga hamjui, mnawaunguza tu."

Hakunitukana. Wateja wakatazamana. Nikaacha kutafuna.

"Ile fimbo nimeirudisha," nikasema, sasa bila utani.

"Kwa nini? Ilikuwa nzuri."

"Nzuri sana. Ila ulipoishika nilikuona mwizi."

Akageuza samaki wake karaini, mmoja mmoja, hakuharakisha. Mafuta yalikuwa yanachemka mno na ilibidi karai liepuliwe. Akatafuta kitambaa cha kushikia, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha akanyoosha mkono, akanivua kofia kichwani, akaikunja mara mbili, akashikia karai kwa kofia hiyo.

Niliyaona mafuta yakipanda kwenye nakshi, mduara baada ya mduara. Nikasubiri hasira. Niliisubiri kwa hofu, namna mtu anavyosubiri homa irudi. Haikuja. Kilichokuja ni kicheko, kikaanzia tumboni, nikamwaga samaki wa watu mchangani, na machozi yakanitoka hadi nikasingizia moshi.

"Chogea huko, Myao," akasema mtani wangu. "Unaniziba wateja."

Nikasogea.