Mabalungi ya Shangazi

Kwetu Ujiji mgonjwa haendewi mikono mitupu, na ukikataa alichokuletea mtu, umemtukana. Basi shangazi alipokuja kutoka Kagunga kuniona, baada ya mdogo wangu wa kiume kunipa figo yake moja, akatua kapu la mabalungi. "Maji yake yanasafisha damu, mwanangu. Kunywa kila asubuhi." Nikanywa. Ningemwambia nini mtu mzima?

Ikaanza mikono. Mimi nauza mawese. Nikimimina kwenye chupa, mengine yanaishia mezani. Wateja wakanitania, "Dada, unaogopa nini?" Nikacheka nao, kumbe naogopa kweli. Hospitali walishaniambia kwamba dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hutetemesha mikono kidogo. Lakini kidogo gani hiki? Kichwa kikawa kinagonga, macho yakaingia ukungu, mtu ananisalimia namjua kwa sauti tu.

Mchana mmoja nikaanguka sebuleni. Nilipozinduka niliwaona ndugu zangu wamejibanza ukutani, shangazi kajiziba mdomo kwa khanga. Wanaogopa povu langu! Watu husema ukiligusa, kifafa kinahamia kwako. Mama weee, niliogopa macho yao kuliko kifo. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyenipakata, shati lake limelowa.

Daktari alisikia habari ya mabalungi akashika kichwa. Tunda lile lilifanya dawa irundikane kwenye damu mpaka ikanivuruga ubongo. Akalipiga marufuku, akapunguza dozi. Nikamuuliza, je, nikiziacha dawa kabisa?

"Figo itakufa," akasema.

Tuliporudi nyumbani shangazi akaninong'oneza, "Zitupe hizo, zitakutia wazimu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kuzitupa. Nilikuwa naviogopa vile vidonge kama nyoka. Saa ya dawa ilipofika nikakaa kitandani, kidonge kiganjani, mkono unatikisika, nalia. Mdogo wangu akachuchumaa mbele yangu na kikombe cha maji.

"Dada, meza."

"Na kikinirudisha sakafuni?"

"Nitakushika tena." Akanitazama, na yeye midomo inamtetemeka. "Lakini meza, dada. Sina nyingine ya kukupa."