Niliambiwa "shusha", nikashusha: XP yangu ilivyogoma kuongea na server ya Dar

Habari za mihangaiko wakuu,

Sakata hili lilinigharimu vocha, chupa nzima ya chai, na heshima niliyojijengea hapa Milanzi, Sumbawanga, kwa shida. Sijaongeza chumvi. Shahidi yupo, mama mmoja Msukuma, na yule hadanganyiki.

Enzi zile za Windows XP nilikuwa na kibanda cha internet na printing sokoni, pembeni nasimamia website ya shule moja ya bweni. Server ipo Dar, mimi nipo Sumbawanga, naingia kwa Remote Desktop. Kazi safi, hata viatu huchafui.

Wenye server wakaihamishia Windows mpya. Website ikalala.

Siku hiyo hiyo akaingia Mama Kulwa, mfugaji kutoka Mwimbi, anataka fomu ya kujiunga ya binti yake Kulwa. Wanasafiri kesho yake alfajiri, na bila fomu binti hapokelewi shuleni. Fomu iko kwenye website. Website imelala. Wa kuiamsha ni mimi.

Remote Desktop ikanigomea: eti server inataka uthibitisho ambao mashine yangu haiujui.

Mama akavuta stuli. "Baba, ng'ombe akigoma sisi tunajua anaumwa wapi. Huyu wako je?"

"Huyu, mama, anaumwa Dar."

Nikaja humu jukwaani kulia. Mkuu mmoja, Kipanga, akajibu chapchap: "Shusha toleo la Remote Desktop, halafu nipigie." Na namba akaweka.

Wakuu, mimi ni mtu wa sokoni. Kushusha nakujua kwa bei na kwa gunia, basi. Nikaliondoa toleo nililokuwa nalo, nikarudisha la zamani kabisa. Nikahakiki mara mbili kwamba limeshuka vizuri.

Mwanzo mashine ilikuwa inagoma kwa adabu. Sasa hata salamu haiitikii.

Nikampigia.

"Umeshusha?"

"Mpaka chini kabisa, mkuu."

Akacheka mpaka Mama Kulwa akasikia. "Ndugu yangu! Kushusha ni kudownload! Lile jipya!"

Vocha yangu ikakata, akapiga yeye. Akanishika mkono mpaka toleo jipya likaingia na registry, yaani mipangilio ya ndani ya Windows, ikarekebishwa. Server ikafunguka, nikaiwasha website, fomu ikatoka.

Mama akaipokea kwa mikono miwili. "Kumbe Dar nako kuna waganga."

Kulwa alipokelewa. Mama alirudi kuniambia, na samli juu.

Funzo: wakihamisha server, uliza mapema kama mashine yako itaelewana nayo. Na neno la fundi liulizie maana kabla hujaligusa.

Sasa wakuu, nimemwekea Kipanga debe la ulezi wa Chala, mpaka leo hataki hata kusema nilitume wapi. Pesa hataki. "Achana nayo," ndiyo jibu lake.

Mtu akitaja bei ya juu najua pa kumkamata. Huyu asiyetaja kabisa, naanzia wapi? Nishaurini.