Pedali Yangu ya Mafuta ya Kambale

Mpaka leo nikisikia harufu ya kambale, dole gumba la mguu wangu hujikunja lenyewe ndani ya kiatu.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya ufundi wa redio pale Ifakara, na umeme ulinijaa kichwani kiasi kwamba ningewasha taa kwa kuikodolea macho. Kwenye kwaya yetu nilipiga gitaa la solo. Kisha kikaja kinanda kipya.

"Kinanda hiki kina magitaa mia ndani," mwalimu wa kwaya akaniambia. "Hilo lako lina nini?"

Akanipa Jumapili moja, ya tamasha la kwaya kule Lupiro. Nimletee sauti ambayo kinanda hakina, la sivyo nihamie kubeba spika.

Niliijua hiyo sauti: ile ya kukwaruza. Siri yake wala si kubwa. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo, unapanda na kushuka kama mawimbi. Transista ya kwanza huukuza, ya pili huukuza tena, mpaka wimbi linataka kuwa refu kuliko nguvu ya betri. Ni kama kumsimamisha mtu mrefu kwenye dungu la kuamia ndege shambani: atagonga paa tu. Wimbi hukatwa kichwa, likabaki bapa, na ule ubapa ndio unaozaa mkwaruzo. Sharti ni moja: transista ya pili ikae katikati, isiegemee juu wala chini, na kuna rezista ndogo ya kuikalisha hapo. Ikihama, upande mmoja wa wimbi humezwa wote, gitaa likabaki linakohoa.

Nikaamua kuunda pedali, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti ya gitaa; transista nilizitoa kwenye redio mbovu. Kwa kuwa bati huzuia mngurumo, nikaomba kopo la kuifungia mitambo hiyo kwa mjomba wangu, mvuvi. Alinipa alilokuwa akihifadhia samaki wakavu.

"Litashika kutu, mjomba."

"Paka mafuta ya kambale! Mnyororo wa baiskeli yangu haujui kutu ni nini. Paka bila huruma, mpwa wangu."

Nikapaka bila huruma. Mnyororo wa baiskeli, lakini, unazunguka barabarani kutwa nzima. Kopo langu lilikaa wiki nzima chini ya kitanda, na mende wa wilaya nzima wakapata taarifa.

Lupiro jua lilikuwa la kuchemsha mawe. Mafuta yakayeyuka, yakatiririka kwenye soksi yangu. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaziba pua kwa kitenge.

"Kaka, umeoga?"

"Ni mitambo, dada."

"Mitambo imekufa lini?"

Ikafika zamu ya solo. Nikakanyaga swichi, kitu kikapasuka ndani, *pwaa*. Gitaa likakohoa, likacheua, likanyamaza. Nikajua mara moja: transista imehama mahali pake. Mwalimu akageukia kinanda, mkono umeshanyanyuka.

"Ubeti mmoja, mwalimu!" nikamwomba.

"Mmoja tu."

Nikapiga magoti mbele ya waumini wote, nikafungua kopo. Harufu iliyotoka ilikuwa na uzito wa gunia la mpunga. Mende mnene kama kidole gumba alikuwa amepondeka kati ya swichi na miguu ya transista, maji yake yakipitisha umeme pasipotakiwa. Wenzake walipanda mkononi mwangu, wakaingia kwenye mkono wa joho. Sikuwa na kitambaa. Nilimkwangua kwa kucha, uteute mweupe ukanibaki kidoleni, nikaufuta kwenye joho, kifuani.

Nikakanyaga tena. Sauti ikatoka nene, yenye meno. Mabati ya paa yalitetemeka, na nitaapa kwamba viboko wa Kilombero waliinua vichwa. Nilipiga ubeti wote huku mende mmoja akinitembea kwapani.

Tulipomaliza, mwalimu alinijia, akasimama hatua tano mbali, kiganja puani.

"Unabaki kwenye solo," akasema. "Ila jitafutie baiskeli ya kurudia. Kwenye gari la kwaya hupandi."