Herufi Mbili za Josiah Brimfield

Nimechoka. Nalisema mapema, mtu asije akadhani natafuta sifa. Miaka kumi na moja nimekuwa mtumwa wa marehemu mmoja, nikipekua habari zake: Josiah Brimfield, babu wa babu yangu, aliyeshuka melini hapa Tasmania, kisiwa cha Australia, mwaka 1822. Aliyenitwisha mzigo huo ni shangazi yangu, Ivy.

Shangazi Ivy ana miaka themanini na sita na hajaolewa. Amefuga kondoo nje kidogo ya Westbury, amemuuguza baba yake mpaka kaburini, na kila Jumapili anakaa kanisani chini ya bamba la shaba lenye jina la Josiah, na mbele ya jina herufi mbili: F.S. Baba yake ndiye aliyezinakili kutoka daftari la zamani la serikali. Kwetu zilimaanisha 'Free Settler', mlowezi huru, mtu aliyejilipia nauli akaja kwa hiari yake. Nusu ya wilaya wametokana na wafungwa walioletwa kutoka Uingereza na minyororo miguuni. Sisi hapana, bwana, sisi tulikuwa watu!

Siku hizi vijana wanaringia babu mfungwa. Shangazi hataki hata kusikia. "Waache na wezi wao," husema.

Mwaka 1961 Lindsay Tapp, mkata manyoya ya kondoo, alikuja kumposa. Alikuwa mzuri, jamani, picha nimeiona. Na Shangazi alimpenda, hilo hakatai hata leo. Lakini babu wa akina Tapp aliletwa mfungwa. Hakuna aliyemlazimisha Shangazi, kwa mdomo wake mwenyewe alimwambia pale mlangoni, "Damu yangu haijawahi kufungwa, Lindsay. Siwezi kuichanganya." Lindsay akavaa kofia yake akaenda zake. Akaoa kule Ulverstone, akapata watoto, sasa amefiwa na mkewe.

Mwaka huu Shangazi alitaka cheti cha chama cha familia za walowezi wa kwanza.

"Nakitaka ukutani kabla sijafa," akaniambia.

"Shangazi, magoti yangu yamekwisha. Nina miaka sitini na tatu."

"Mtoto mdogo kama wewe? Hebu washa gari, mvivu we!"

Nikaenda Hobart, kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali, kwa mara ya sijui ngapi. Karani mpya, binti mchangamfu, akaangalia karatasi zangu akatabasamu. "Mama, nani aliwaambia hii ni mlowezi huru? Aliyekuja huru huandikwa C.F., 'Came Free'. Hii F.S. ni 'Free by Servitude', mtu aliyeachiwa huru baada ya kumaliza kifungo." Akafungua daftari la wafungwa, na Josiah wetu alikuwa humo: miaka saba, kosa lake wizi.

Nilikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Nilikasirika, sina haja ya kuficha. Ningeweza kunyamaza, Shangazi akafa na fahari yake. Lakini ni yeye aliyenituma, na mimi kudanganya nisingeweza tena, nimechoka mno hata kwa hilo.

Nilimkuta anapaka jamu kwenye skonzi. Nikamwambia yote kwa mkupuo. Akakiweka kisu chini.

"Aliiba nini?"

"Jibini. Na mashuka mawili."

"Jibini!" Akacheka mpaka akapaliwa. Nikampiga piga mgongoni, na nilipomtazama usoni nikaona si kicheko tena. "Nola, nilimfukuza mwanamume yule kwa ajili ya jibini."

Nikammiminia chai, hakuigusa.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga, nikaongeza sauti ya simu kwa sababu masikio yake ni mabovu.

"Lindsay? Ni Ivy Brimfield."

"Ivy. Bado mkali?"

"Nyamaza nikwambie. Babu yetu alikuwa mfungwa. Mwizi, sawasawa na wa kwenu. Nimejua leo."

"Aa," Lindsay akasema taratibu. "Mimi nilijua."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Kabla sijaja kukuposa. Bibi yangu alinisimulia. Wa kwenu na wa kwetu walikuja meli moja."

Shangazi akasimama, mkono juu ya meza. "Sasa mbona hukusema, mjinga we? Miaka yote hii! Ungesema neno moja tu pale mlangoni, ningekukubali!"

"Nilijua ungenikubali, Ivy," akasema. "Ndiyo maana sikusema. Nilitaka unikubali hivyo hivyo, nikiwa Tapp."